Jinsi ya kuwapima farasi kabla ya Jumapili ya mbio pale Ngong

Uwanja wa Ngong, Nairobi, umekuwa na mbio za farasi tangu 1954, na Jumapili ya mbio huvuta watu wa kila aina. Wapo waliokuja na watoto kupunga upepo kwenye nyasi, wapo wenye farasi wao, na wapo wale ambao kadi zao za mbio, yaani orodha za farasi wa siku hiyo, zimejaa alama za kalamu tangu usiku wa Jumamosi. Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kujiunga na hao wa mwisho. Si lazima uwe umelelewa karibu na zizi. Unahitaji saa mbili tatu za utulivu, kalamu, na nidhamu ya kuuliza swali moja kwa kila jina: mbio hizi, kwa umbali huu, kwa uzito huu, kwenye nyasi hizi na dhidi ya wapinzani hawa, zinamfaa?

Nasisitiza swali hilo kwa sababu watu wengi huuliza jingine, yaani farasi yupi ndiye bora. Farasi bora hushindwa. Mwaka 1919, pale Saratoga nchini Marekani, Man o' War alishindwa na farasi aliyeitwa Upset. Man o' War alibeba ratili 130, karibu kilo 59. Upset alibeba ratili 115, karibu kilo 52. Juu ya hayo, Man o' War alianza vibaya. Katika mbio 21 za maisha yake hizo ndizo pekee alizopoteza, na walipokutana tena ni yeye aliyemshinda Upset. Siku ile moja, kwa mizigo ile, mbio zilimfaa mwingine. Kazi yako ya Jumamosi ni kuitafuta siku ya namna hiyo kabla haijafika.

Hatua ya kwanza: soma masharti ya mbio kabla ya majina

Juu ya orodha ya kila mbio pana mistari michache ambayo watu huiruka. Isome kwanza. Itakwambia umbali, umri unaoruhusiwa, kama ni za majike peke yao au za wote, na uzito umepangwaje. Mbio huangukia katika makundi makubwa matatu. Kuna za farasi ambao hawajawahi kushinda hata mara moja. Kuna ambazo uzito hufuata umri na jinsia, na humo ndimo zilimo mbio kubwa za heshima kama Kenya Derby, inayokimbiwa mita 2400 na farasi wa miaka mitatu. Halafu kuna handikapu, ambapo ofisa wa mbio humpa kila farasi uzito wake kulingana na uwezo alioonyesha: mwenye nguvu hubeba zaidi, dhaifu hubeba kidogo, ili kwa karatasi wote wafike pamoja.

Jua uko kwenye kundi gani, maana hesabu hubadilika. Katika mbio za uzito wa umri, mwenye uwezo mkubwa ana haki ya kupendwa. Katika handikapu uwezo wake tayari umetozwa kodi. Hapo unamtafuta farasi ambaye uzito aliopewa bado haujaufikia uwezo wake wa leo.

Hatua ya pili: tarakimu za mbio zilizopita

Kando ya jina la farasi utaona safu kama 5-3142. Hizo ni nafasi alizomaliza. Katika kadi nyingi, tarakimu ya mwisho kulia ndiyo ya mbio za karibuni kabisa, kistari hutenganisha misimu, na 0 huwa na maana ya nafasi ya kumi au nyuma zaidi. Angalia ufunguo wa kadi yako, kwa kuwa kila nchi ina mtindo wake.

Tarakimu ni mlango tu. Namba 6 inaweza kuwa na thamani kuliko namba 1. Farasi aliyemaliza wa sita kwenye mbio za hadhi, akiwa nyuma ya mshindi kwa urefu wa farasi watatu tu, amefanya kazi kubwa kuliko aliyeshinda mbio dhaifu kwa pua, yaani kwa tofauti ndogo kabisa. Kwa hiyo kwa kila tarakimu tafuta mambo manne: umbali ulikuwa upi, alibeba kilo ngapi, nyasi zilikuwaje, na aliachwa au aliwaacha wenzake kwa urefu gani. Matokeo ya siku zilizopita huyaeleza hayo yote. Yaandike kwa penseli pembeni mwa jina.

Ngong ina faida ambayo viwanja vikubwa vya Ulaya havina. Farasi wa mbio nchini Kenya ni wachache, kwa hiyo wale wale hukutana tena na tena katika msimu mmoja. Mara nyingi utawakuta kwenye kadi ya kesho farasi watatu au wanne waliokwisha kupambana wenyewe kwa wenyewe. Hii ni hazina. Pale Ascot, Uingereza, mtu hulazimika kukisia kama mshindi wa mbio za kaskazini angemshinda mshindi wa kusini. Wewe una jibu, ila jibu hilo lilitolewa kwa uzito na umbali wa siku ile.

Angalia pia siku zilizopita tangu akimbie mara ya mwisho. Farasi anayerudi baada ya miezi kadhaa anaweza kuwa na pumzi ya mita 1000 tu hata kama mbio ni za mita 1600. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na huko juu mapafu yasiyo tayari hayafichiki. Usimfute papo hapo. Mwekee alama ya kuuliza, utaijibu kesho ukimwona.

Hatua ya tatu: umbali

Farasi wa kasi fupi akiwekwa kwenye mita 2000 atang'ara mpaka kona ya mwisho kisha miguu iwe mizito. Mwenye pumzi ndefu akiwekwa kwenye mita 1200 atakuwa ndio anapata moto wenzake wakivuka mstari. Tafuta mahali alipofanyia kazi yake nzuri, kisha pima tofauti na umbali wa kesho. Tofauti ya mita 200 inavumilika. Tofauti ya mita 400 au zaidi inadai ushahidi.

Ushahidi unapatikana sehemu mbili. Kwanza, namna alivyomaliza mbio fupi: kama mita 200 za mwisho alikuwa akiwakaribia wa mbele, huenda umbali zaidi ni baraka kwake. Kama aliongoza akashikwa mwishoni, mwondoe. Pili, nasaba. Watoto wa dume aliyezaa wakimbiaji wa mbali huwa na mwelekeo huo, hasa kama na mama naye alishinda mbio ndefu. Katika Derby nasaba huwa na uzito wa pekee, kwa sababu wengi wa farasi wale wachanga hawajawahi kukimbizwa mita 2400. Hata Frankel, aliyeshinda mbio zake zote 14 nchini Uingereza kati ya 2010 na 2012, hakupelekwa mita 2000 mpaka mbio zake mbili za mwisho, na kabla ya ile ya kwanza, uwanjani York, wengi walikuwa bado wanauliza kama pumzi yake ingefika. Ikiwa farasi kama yule aliulizwa, na huyu wako muulize.

Hatua ya nne: uzito

Hapa ndipo napenda msomaji akae zaidi, kwa sababu ndipo mtu mwenye penseli anapompita mtu mwenye bahati.

Uzito ulioandikwa kwenye kadi ni wa joki, yaani mpanda farasi, pamoja na tandiko na vyombo vyake. Joki akiwa mwepesi kuliko uzito huo, vipande vya madini ya risasi hutiwa kwenye tandiko mpaka utimie. Hupimwa kabla ya mbio na baada ya mbio. Joki mwanafunzi hupunguziwa kilo kadhaa kwa sababu ya ugeni wake, na hizo kilo ni mali ikiwa kijana huyo tayari anajua kazi.

Kanuni ya kukadiria ni hii: kwenye mita 1600, kilo moja ni sawa na urefu wa farasi mmoja, kwa makisio. Kwenye mbio fupi inahitajika zaidi kidogo ya kilo moja kuleta tofauti ya urefu mmoja, na kwenye mbio ndefu inatosha pungufu ya kilo, kwa sababu mzigo unachosha kadiri safari inavyorefuka.

Tuchukue mfano. Tuseme wiki tatu zilizopita, mita 1600, farasi A alimshinda farasi B kwa urefu wa farasi wawili. A alibeba kilo 54, B akabeba 56. Kwa ushindi ule A ameongezewa, na kesho atabeba 57; B amebaki na 56. Siku ile A alikuwa mwepesi kwa kilo mbili. Kesho atakuwa mzito kwa kilo moja. Mabadiliko yote ni kilo tatu, yaani urefu wa farasi watatu. Ukitoa ule urefu wa wawili aliomshinda nao, B anatoka mbele kwa urefu mmoja. Umati utamfuata A kwa sababu ya tarakimu 1. Karatasi inasema B.

Sasa jiulize kama karatasi ina haki. A alishindaje? Joki wake alikuwa akimtumia kiboko mpaka mstarini, au alikuwa ameketi kimya akitazama nyuma? Aliyeshinda akiwa na akiba hakuonyesha uwezo wake wote, na urefu ule wa wawili ungeweza kuwa wanne. Na B? Alipata njia, au alizingirwa? Fanya hesabu hii kwa kila jozi iliyowahi kukutana, kisha uipe rangi kwa majibu ya maswali haya. Ni kazi ya polepole, nami sioni njia ya mkato.

Hatua ya tano: nyasi na mvua

Ngong hukimbiwa kwenye nyasi, na Nairobi ina mvua za masika kuanzia Machi hadi Mei na za vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Kwa hiyo fuatilia mvua ya wiki nzima, siyo ya Jumamosi peke yake. Nyasi kavu na ngumu huwapendelea wepesi wenye hatua za chini na za haraka. Nyasi zilizolowa huvuta kwato, hugeuza mita 1600 kuwa kama 1800 kwa jasho, na huwainua wale wenye nguvu za nyuma na moyo wa kusukuma. Tafuta kwenye rekodi: je, mbio zake nzuri zilikuwa za Mei au za Februari? Mara nyingi farasi anayeonekana kigeugeu hana ugeugeu wowote, anachagua ardhi.

Ukifika uwanjani mapema, tembea karibu na uzio na ubonyeze kisigino ardhini. Kikizama kwa urahisi, rudi kwenye kadi yako uanze kusahihisha.

Hatua ya sita: mbio zenyewe zitakwendaje

Jaribu kuziona mbio kabla hazijakimbiwa. Gawa majina katika wanaopenda kuongoza, wanaokaa katikati, na wanaosubiri nyuma. Kama anayependa kuongoza ni mmoja tu, atajipangia mwendo anavyotaka na huenda asishikwe tena. Kama wako watatu au wanne watachomana wenyewe, na mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Mfano ulio wazi kabisa ni Kentucky Derby ya 2022. Wa mbele walikimbia robo maili ya kwanza kwa sekunde 21.78, kasi isiyobebeka kwa mbio za maili moja na robo. Summer Is Tomorrow, aliyekuwa mbele kwenye moto ule, alimaliza wa mwisho. Rich Strike, aliyeingizwa kwenye mbio siku moja tu kabla baada ya mwingine kuondolewa, alitoka karibu na mkia wa kundi la farasi 20 na kushinda kwa bei ya 80 kwa 1, yaani kila 1 iliyowekwa ililipa faida ya 80. Sidai kwamba mtu angemchagua kwa jina. Ila aliyekuwa amehesabu wanaopenda kuongoza angejua kwamba mshindi huenda akatoka nyuma.

Lango la kuanzia huingia hapa. Kwenye uwanja wenye kona kali na mzunguko mdogo, kama Chester kule Uingereza, lango la ndani ni faida kubwa hasa kwa mbio fupi, kwa kuwa wa nje hukimbia njia ndefu zaidi. Kwa Ngong nakushauri uweke daftari lako mwenyewe: kila Jumapili andika umbali, idadi ya farasi na lango la mshindi. Baada ya msimu mmoja utakuwa na ushahidi kuliko maneno ya jukwaani.

Hatua ya saba: joki na mkufunzi

Hapa nitapita haraka, maana watu huzidisha umuhimu wa majina haya. Joki mzuri hawezi kumpa farasi pumzi asiyo nayo. Kinachostahili kuangaliwa ni mabadiliko. Joki mkubwa aliyekuwa na farasi wawili wa kuchagua katika zizi moja amepanda yupi? Mkufunzi amemrudisha farasi kwenye umbali aliowahi kushinda? Amemvisha vifuniko vya pembeni mwa macho kwa mara ya kwanza, ili asikengeushwe na wenzake? Kila badiliko ni ujumbe kutoka kwa mtu anayemwona farasi huyo kila alfajiri.

Hatua ya nane: pata watatu, kisha ndipo utazame bei

Kabla ya kulala, kila mbio iwe na majina matatu kwa mpangilio, na sentensi moja kwa kila jina inayoeleza kwa nini yupo. Kama huwezi kuandika sentensi hiyo, jina halistahili. Wengine wote wakate kwa sababu iliyoandikwa: umbali, uzito, nyasi, pumzi.

Bei iache mpaka hapo. Ukiiona mapema itafikiri badala yako. Bei ya 4 kwa 1 ina maana kwamba soko linampa farasi nafasi moja kati ya tano. Ikiwa kazi yako ya usiku inamwona ana nafasi moja kati ya tatu, hapo pana kitu. Anayependwa na wengi hushinda takriban mara moja kati ya tatu katika nchi zenye rekodi ndefu, kwa hiyo kumfuata kila mara kwa bei ndogo hakulipi. Kama utaweka dau, na sheria ya Kenya inataka uwe umetimiza miaka 18, tenga fedha za siku hiyo mapema na zikiisha zimeisha. Mbio ambazo huna maoni nazo zitazame tu. Katika kadi ya mbio saba, kuwa na maoni ya kweli kwenye mbili ni mavuno mazuri.

Hatua ya tisa: padoki

Kabla ya kila mbio farasi huzungushwa taratibu kwenye padoki, uwanja mdogo wenye uzio, na hapa karatasi hukutana na nyama na mifupa. Aliyekulia Lamu kati ya punda, au katika boma la wafugaji, ana jicho tayari na alitumie bila haya. Mnyama mwenye afya anajulikana.

Anza na mwendo. Farasi aliye huru mwilini hutembea kwa mapana, ukwato wa nyuma ukikanyaga mbele ya alama iliyoachwa na ule wa mbele. Mwenye hatua fupi za kubana huenda ana maumivu, au ardhi inamtia shaka. Kisha ngozi: ing'ae, na misuli ya mapaja ya nyuma ionekane imegawanyika. Mbavu zikionekana kidogo si kasoro, ni alama ya mkimbiaji aliye tayari. Tumbo zito linaloning'inia kwa yule aliyepumzika miezi mingi linajibu ile alama ya kuuliza uliyomwekea jana.

Jasho lisome kwa uangalifu. Siku ya jua kali wote watalowa shingoni, na hilo halina neno. Povu jeupe katikati ya miguu ya nyuma, pamoja na macho yanayozunguka, mkia unaopigapiga na mtunzaji anayeburutwa, ni nguvu inayomwagika kabla ya mbio kuanza. Lakini linganisha na desturi yake. Wapo wanaotokwa na povu kila Jumapili na bado wanashinda, na hao utawajua kwa kuhudhuria tu. Masikio yaliyosimama yakielekea mbele, kichwa kikiwa chini kidogo, hatua zisizo na haraka: huyo yuko kazini.

Usimwache uliyemchagua kwa karatasi kwa sababu mwingine ana sura nzuri zaidi. Padoki naitumia kuthibitisha au kuondoa, basi. Kama chaguo lako la kwanza linatetemeka na kulowa kuliko ilivyo desturi yake, panda na la pili au ziache mbio hizo.

Hatua ya kumi: daftari baada ya mbio

Mbio zikiisha, usitazame mshindi peke yake. Mtazame aliyezibiwa njia kwenye mita 300 za mwisho, akapata nafasi akiwa amechelewa, na bado akamaliza wa nne akiwapita wengine. Mtazame pia aliyeongoza kwa kasi ya kujiua na akashikwa hatua chache kabla ya mstari. Andika jina, umbali, kilo alizobeba, hali ya nyasi, lango, na kilichompata. Akirudi kwenye kadi baada ya wiki mbili au tatu, wengi wataona tarakimu 4 na kuendelea na jina linalofuata, nawe utakuwa na maelezo ya mbio zake kwa mkono wako mwenyewe.